Rangi ya bawa: ya kupikwa au ya umbo?

Pale Gede, kusini mwa Malindi, wanakofuga vipepeo na kuuza pupa (hatua kati ya kiwavi na kipepeo) ng'ambo, ubishi hauishi: ipi bora, manjano ya kipepeo wa ndimu au buluu ya kipepeo aitwaye Junonia?

Mwanzo ni mmoja. Ndani ya pupa, kila gamba la bawa hutokana na seli moja tu. Seli hurefuka, nyuzi za protini iitwayo aktini hujipanga ndani yake, na matuta ya kitini, ile dutu ngumu ya ganda la wadudu, huinuka kati ya nyuzi hizo. Kisha seli hufa, ganda kavu likabaki. Lile vumbi linalokushika vidoleni ndilo hilo.

Manjano hupikwa: ni kemikali iliyotengenezwa na seli. Ukiigeuza huku na huku haibadiliki, ila jua huichujusha. Buluu ni ya umbo: haina kemikali ya buluu ndani. Utando wa chini wa gamba hurudisha mwanga, na unene wake ndio huamua rangi. Ukizidi kidogo tu, rangi ni nyingine! Kwa ustadi, naipa buluu.

Anayetundika bawa ukutani penye jua, buluu itamdumu. Mpiga picha asiyetaka kuhangaika na pembe ya mwanga, manjano yamtosha.