Raynox DCR-250: msimu mzima wa baridi bila kutoka nje ya geti

Nimeitumia hii lenzi ya kukuzia vitu vidogo kuanzia Novemba mpaka Machi, baridi yote ya Minnesota huku Marekani, kwa hiyo haya ninayoyaandika sio ya mtu aliyefungua boksi jana.

Naishi Saint Paul na kazi yangu ni ya shifti. Desemba huku jua linachomoza karibu saa mbili asubuhi na ikifika saa kumi na nusu jioni limeshazama, sasa ukitoka kazini unakuta mwanga umebaki wa saa moja au mbili, huwezi kusema uwashe gari uende Duluth kupiga ziwa likiganda, masaa mawili na nusu kwenda tu na barabara yenyewe inateleza. Miaka mitatu mfululizo kamera yangu ilikuwa inalala kabatini toka theluji ya kwanza mpaka miti ichipue, na iliniuma sana maana kupiga picha ndo kitu kinachonituliza nikiwa mbali na kwetu.

Nilianza na kile kilenzi cha bei rahisi cha kubana kwenye simu, nikanunua mtandaoni. Picha katikati inaonekana lakini pembeni kote ukungu, wiki ya pili kibanio kikalegea, na aliyeniuzia hakujibu meseji hata moja. Ndo jamaa mmoja tunayefanya naye kazi akaniambia achana na hivyo, kama kamera unayo tafuta Raynox.

Ni kilenzi kidogo, kinaingia mfuko wa koti, cha Kijapani, hakikufika dola mia. Hakichukui nafasi ya lenzi yako, unakipachika mbele yake kwa kibanio chenye springi, unabonyeza pande mbili unaachia, kimeshika. Kibanio kinakubali lenzi zenye mdomo wa milimita 52 mpaka 67. Mimi nina Canon ya zamani na lenzi ya 55-250 yenye mdomo wa 58, ikakaa bila shida hata nikiwa nimevaa glavu nyembamba. Nguvu yake ni dayopta 8, maana yake kitu kinatakiwa kiwe kama sentimita 12 kutoka mbele ya kioo, na ukivuta lenzi mpaka 250 kinatua kwenye sensa, kile kibati cha ndani ya kamera kinachonasa picha, kikubwa mara mbili ya ukubwa wake halisi. Kwa chembe ya theluji ya milimita tatu hiyo ndo kazi yote.

Siku ya kwanza nilisimama kwenye ngazi za nyuma ya nyumba, nikanyoosha mkono wenye glavu nyeusi ya sufu, glavu ilikuwa imeshakaa nje nusu saa ili iwe baridi, vinginevyo theluji inayeyuka ikigusa tu. Ikatua moja juu ya unyuzi wa sufu, imeegemea. Pembe sita, kila pembe ina matawi na kila tawi lina vitawi kama mvinje, na katikati kabisa kuna kijisahani kidogo cha pembe sita kimechorwa mistari. Nilibana pumzi, nikapiga kama picha kumi na tano, ya kumi na sita ilikuwa tone la maji.

Nikamtumia mama Tanga ile iliyotoka vizuri. Akapiga simu papo hapo, nikamwamkia, kabla hata ya habari za huku akauliza, "Mwanangu, hiki kitambaa kafuma nani?" Maana kwetu kochi bila kitambaa cha kufuma ni kama halijavaa. Nikamwambia mama hii ni theluji, imeanguka yenyewe mkononi mwangu. Akanyamaza. Akasema Subhanallah, nitumie na nyingine.

Toka hapo nikawa naangalia joto kabla ya kutoka. Zile zenye matawi zinakuja hewa ya mawinguni ikiwa karibu na nyuzi -15 za Selsiasi, ikiwa kwenye -5 hivi zinatoka vijiti kama sindano. Yule mkulima wa Jericho, Vermont, Wilson Bentley, alipata picha yake ya kwanza ya chembe ya theluji Januari 15, 1885 kwa kuunganisha kamera na hadubini, na mpaka anafariki 1931 alikuwa na zaidi ya 5,000. Zote hizo alikuwa hapohapo shambani kwao! Nikifikiria hilo naona aibu kulalamika eti sina pa kwenda.

Nyingine niliyoipenda ni kioo cha gari asubuhi kabla ya kukwangua, ukungu ulioganda unachora majani kabisa, na jua la huku wakati wa baridi linakaa chini mchana kutwa kwa hiyo mwanga unapita kwa ubavu na kila mstari unaonekana. Povu la sabuni pia, maji, sabuni ya vyombo na sukari kidogo, ikiwa chini ya -12 na hakuna upepo unalipuliza taratibu juu ya theluji unaona nyota zinaota na kuungana mpaka povu zima linakuwa kioo. Watoto wa jirani walikuja wote kuangalia.

Sasa mambo ya kujua. Sehemu inayoonekana kali ni nyembamba kama karatasi, hiyo ni kawaida ya kukuza hivi, kwa hiyo zima fokasi ya otomatiki, weka f/11, yaani tundu la lenzi liwe dogo, halafu sogeza mwili wako mbele na nyuma polepole. Ukiipachika kwenye lenzi ya 18-55 ukiwa kwenye 18 pembe za picha zinakuwa nyeusi, vuta mpaka mwisho. Theluji itatoka ya kijivu usipoongeza mwanga, kwenye kipimo cha +/- cha kamera ongeza moja au moja na nusu. Betri ya akiba weka mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi inazimaliza haraka. Na ukirudi ndani funga kamera na lenzi kwenye mfuko wa plastiki kwanza ukiwa bado nje, uiache humo kama saa moja, la sivyo unyevu wote wa nyumba unatua kwenye vioo.

Nyota tano. Kama unatumia simu tu hii haitakufaa, lakini mwenye kamera hata ya mtumba na lenzi ya kuvuta, nunua kabla ya Novemba.