The Marriage Circle (1924): senema bubu, umbea wake mtamu

Jamani kama hujawahi kuangalia senema bubu usianze na zile za watu kuporomoka ngazi, anza na hii. Kaiongoza Ernst Lubitsch, Mjerumani wa Berlin alokwenda Hollywood 1922, mambo yenyewe yanapita Vienna. Ndoa mbili: Profesa Stock na mkewe Mizzi washachokana, daktari Franz na Charlotte bado wanapendana mpaka kero. Sasa Mizzi na Charlotte ni mashoga wa zamani, akishamuona tu mume wa mwenziwe basi tena, hana haya hana soni.

Utamu wake hawakwambii, unajionea. Mwanzo kabisa profesa anavaa soksi imetoboka, anafungua droo yake karibu tupu, za mke zimejaa tele! Ushaijua ndoa nzima na hakuna aliyetia neno. Niliangalia na mama mdogo hapa nyumbani Jang'ombe, Unguja, yale maandishi ya Kiingereza yanayokuja badala ya sauti hayajui na mie nshachoka kumfasiria, lakini ilipofika karamu akapiga ukelele mwenyewe "we mjinga, usimuweke hapo!" maana Charlotte anamshuku mwanamke mwengine kabisaa, anahamisha vikadi vya majina mezani ili amlinde mumewe, kumbe ndo anamkalisha ubavuni mwa Mizzi.

Adolphe Menjou ndo profesa, huyu kanimaliza. Anaweka mpelelezi amfate mkewe, na habari mbaya zikija badala ya kughadhibika anafurahi kama alopata mirathi, kishapata sababu ya talaka.

Franz (Monte Blue) kaniudhi lakini, mwanamme mzima, daktari, anashindwa kusema sitaki akaenda zake, katikati hapo mambo yanajikokota kidogo. Ila kuna Gustav, mwenziwe kazini, anamtaka Charlotte, akambusu, bibi wa watu akidhani ni mumewe, na Charlotte akija kukiri Franz haamini ng'o, anaona anazua tu ili walingane. Tulicheka wallahi.

Uchi hamna, mabusu na macho tu, lakini na wakwe usiangalie. Muziki wa nakala nloiona unachosha, nikauzima nikaweka taarab ya kikale ya Ikhwani Safaa, kile kikundi cha Unguja, ikakubali. Lubitsch mwenyewe aliirudia 1932 kwa sauti na nyimbo, One Hour with You, ikiwa bubu huwezi kabisa tafuta hiyo, mie nabaki na hii.