Moana (2016): chombo wamekipatia, Maui wamempunguza

Nimeitazama Moana, katuni ya Disney ya msichana wa visiwa vya Pasifiki anayeingia baharini, mara nne, na tatu kati ya hizo kwa kulazimishwa. Binti wa kaka yangu ana miaka saba. Akija kwangu Tanga likizo hataki katuni nyingine. Mara ya nne kaka mwenyewe alikuja kumchukua, akaketi na kahawa yake, miguu bado ina mchanga wa Sahare anakovulia. Alikuwa hatazami, mpaka Moana alipokiingiza chombo chake kwenye mawimbi ya mwambani.

"Mbona kina tengo moja?"

Tengo ni ule mti wa pembeni unaoizuia ngalawa isipinduke. Sisi tunaweka pande zote mbili, kule Pasifiki vyombo vingi vina upande mmoja tu. Wataalamu wengi wanaona kwamba ufundi huo ulifika kwetu na mabaharia waliovuka Bahari ya Hindi kutoka visiwa vya Indonesia, ndugu wa mbali wa Wapolinesia, watu wa visiwa hivyo vya Pasifiki. Kaka hakujali habari za undugu. Aliangalia tanga na kamba, akasema waliochora hii walikaa na watu wa pwani. Alikuwa sahihi: Disney waliunda jopo la washauri kutoka visiwa mbalimbali. Hata namna ya kupima nyota kwa kiganja imo.

Basi chombo kimepita. Mimi nilikuwa na shida na Maui, shujaa wa masimulizi ya kale ya Pasifiki ambaye kwenye filamu anasafiri na Moana.

Sauti yake ni ya Dwayne Johnson, ambaye mama yake ni Msamoa, na inamkaa vizuri. Chale za mwilini zinacheza zenyewe, na yule Maui mdogo aliyechorwa kifuani anamsuta mkubwa kila akitia chumvi. Kwangu hicho ndicho kitu bora katika filamu nzima. Mwanzoni walimchora kipara. Washauri kutoka Tahiti wakakataa, akapewa nywele. Wengine walilalamikia unene wake, akiwemo mbunge wa New Zealand, Jenny Salesa. Mimi sikuona tatizo. Mtu anayevua visiwa kwa ndoana ulitaka awe na kifua cha nani?

Tatizo langu ni ukoo. Filamu inasema wazazi walimtupa baharini, miungu ikamwokota na kumpa ndoana, na tangu hapo anatafuta kupendwa. Kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, hadithi ni tamu zaidi. Mama yake, Taranga, alizaa mtoto asiyetimia, akakata nywele zake mwenyewe, akamviringishia, ndipo akamwachia bahari. Mtoto akakua, akarudi kimyakimya akajichanganya na kaka zake wanne. Mama anahesabu wanawe, anamkuta mmoja amezidi! Ndoana nayo ni mfupa wa taya la bibi yake, Murirangawhenua. Na kule Hawaii, Maui analitega jua kwa kamba kwa sababu mama yake, Hina, anaanika vitambaa vya magome ya miti na havikauki, jua linakimbia mno. Katika filamu ushujaa wote umebaki, jua, moto na visiwa, lakini mama, bibi na kaka hawamo. Te Fiti, mungu wa kike wa kisiwa, na Te Kā, jitu la moto, wanaochukua nafasi kubwa, wametungwa na studio, ingawa yule wa moto anamkumbusha mtu Pele, mungu wa volkano wa Hawaii.

Kifo chake nacho hakimo. Wamaori wanasimulia kwamba Maui alitaka kukishinda kifo kwa kuingia mwilini mwa Hine-nui-te-pō, bibi wa mauti, wakati bibi huyo amelala. Aliingilia wapi sitaandika hapa, watoto wanasoma. Ndege mdogo akashindwa kujizuia, akacheka. Bibi akaamka, akambana, na ndiyo sababu tunakufa. Najua filamu ya watoto isingeweza kuonyesha hayo. Lakini ni sawa na kumsimulia Fumo Liyongo ukairuka sindano ya kitovuni: unabaki na pande la mtu anayepiga gungu.

Nyota tatu kwa tano. Ningetoa mbili na nusu, ila Tamatoa, yule kaa anayejipamba kwa dhahabu, ameongeza nusu peke yake. Ni kaa wa nazi, aina ileile iliyopo kisiwani Chumbe, Unguja, japo wa Chumbe hawaimbi. Ukipata toleo la Kimaori la 2017, nyimbo zisikilize humo hata kama huelewi neno.

Usiku ule nilimsimulia binti habari za Taranga. Akauliza kama nywele za mama ziliota tena. Nikamwambia bila shaka ziliota. Akaniomba simu, amtazame kaa.