Shimo la machimbo na taka za kiwanda Tanga: mamlaka au mahakama?

Kama unachotaka ni shimo la chokaa lifukiwe na majivu ya makaa ya mawe yaondolewe, anzia mamlaka ya mazingira. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaruhusu mchafuzi kupewa amri ya kurejesha eneo katika hali yake, nawe huhitaji wakili. Fidia ya mikorosho au kisima, hapo mara nyingi ni mahakamani.

Mahakama ni ghali, na ina saa inayokimbia: madai ya madhara yana ukomo wa miaka 3. Wengi huupoteza wakisubiri majibu ya barua.

Kote kuwili, kesi hufia kwenye chupa ya maji, yaani sampuli ya ushahidi. Suuza chupa safi mara 3 kwa maji ya kisima hicho, ijaze, andika tarehe na saa, iweke kwenye barafu, kila anayeipokea asaini. Chukua na ya pili, kutoka kisima kilicho upande maji yanakotokea, kabla hayajafika kwenye shimo. Maji ya mwamba wa chokaa ni magumu kiasili, yaani yana madini mengi. Bila chupa hiyo, wakili wa kiwanda atasema ndivyo Mungu alivyoyaumba.