Jerikani la chuma la lita 20: uzoefu wangu wa msimu mzima, na kosa nililolifanya sheli

Nina shamba la zabibu Hombolo, Dodoma, na pampu ya maji ya petroli. Wakati wa kiangazi nabeba lita 40 kila wiki kutoka sheli. Miaka yote nilitumia madumu ya plastiki yaliyokuwa na mafuta ya kula, hadi mwaka jana niliponunua majerikani mawili ya chuma, yale yenye vishikio vitatu juu.

Jerikani lenyewe ni imara. Kifuniko chake cha kubana hakivuji hata likilala kwenye barabara ya makorongo, na halivimbi juani kama dumu. Ni zito: likijaa linakaribia kilo 20. Mpira wa kifuniko nimeshaubadilisha mara moja. Kilichoniudhi ni mdomo wa kumiminia uliokuja nalo, mfupi na wa plastiki; nilinunua wa chuma kando. Hakuna karatasi ya maelezo, na muuzaji hakuniambia neno kuhusu namna ya kulijaza.

Hapo ndipo nilipokosea. Nilikuwa najaziwa jerikani likiwa juu ya pikapu, na bodi ya pikapu yangu imetandikwa plastiki ya kuzuia mikwaruzo. Siku moja ya Agosti, upepo mkavu unavuma, nilinyoosha mkono kulishika, cheche ikanipiga kidoleni. Mhudumu, mama wa makamo, alisimamisha pampu palepale. "Shusha chini, baba. Humo juu sikujazii tena."

Alikuwa sahihi kabisa. Petroli ikipita kwa kasi kwenye mpira wa pampu huzalisha umeme tuli na kuingia nao ndani ya jerikani. Jerikani likiwa limekaa ardhini, umeme huo unapata njia ya kutokea. Likiwa juu ya plastiki hauna pa kwenda. Unajikusanya kwenye chuma, ukisubiri kidole au mdomo wa bomba. Mvuke wa petroli unaweza kuwashwa na cheche yenye nishati ndogo sana, takriban robo ya milijuli tu, na cheche unayoisikia kidoleni kwa kawaida imeshapita kiwango hicho. Kule Marekani, NIOSH, taasisi ya serikali ya usalama na afya kazini, ilitoa onyo mwaka 1998 baada ya moto kuzuka kwenye pikapu zenye plastiki ya namna hiyohiyo. Mimi nilidhani nikishanunua chuma nimemaliza kazi!

Siku hizi nalishusha kwanza, kisha nagusa bodi ya gari nikiwa mbali na mafuta kabla sijafungua kifuniko. Mdomo wa bomba unagusa ukingo wa jerikani tangu tone la kwanza hadi la mwisho, na namwomba mhudumu ajaze polepole, aache nafasi juu. Shambani nasubiri injini ipoe, naunganisha jerikani na tangi la pampu kwa waya wa shaba wenye vibanio kabla ya kufungua chochote, namimina kwa faneli ya bati. Ya plastiki nimeitupa.

Naipa bidhaa hii alama 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa ule mdomo na kwa kukosa maelezo. Plastiki ya pikapu bado ipo, inalinda rangi. Jerikani halijazwi juu yake tena, hata jua likiwa linazama na foleni ya sheli ikipiga honi nyuma yangu.