Nilituma Commodore 64 itengenezwe, ikarudi bila SID yake

Fundi huyu simpi hata nyota moja. Nalisema mwanzoni ili anayesoma haraka haraka alipate.

Kompyuta yangu ya Commodore 64 ni ile ya zamani ya kahawia, yenye mgongo wa mviringo, na kwangu kazi yake ni moja tu: muziki. Magemu sichezi. Huku Uingereza mashine hizi zilijaa majumbani miaka ya themanini, na ukitafuta kwa subira bado unapata nzima. Ndani mna chipu ya sauti inayoitwa SID, namba 6581, kazi ya Bob Yannes, kabla kompyuta yenyewe haijaingia madukani mwaka 1982. Baadaye Yannes alikuwa miongoni mwa walioanzisha Ensoniq, kampuni iliyotengeneza vinanda vya umeme, na ukiisikia SID unaelewa kwa nini. Huyu mtu alikuwa anatengeneza ala ya muziki. Wenye kompyuta ndio walioichukua kwa ajili ya milio ya magemu.

Sauti ni tatu tu. Lakini kila sauti unaichagulia wimbi lake, na mlio wake unaupandisha na kuushusha kwa namba, kuanzia 0 hadi 65,535. Mtu wa taarab aisome vizuri hiyo. Mimi nimekulia Unguja, masikio yangu ni ya ganuni na udi, na kinanda cha kawaida hakinipi robo toni ya bayati, ile maqamu ya Kiarabu, hata nikibembelezeje. Hapa naandika namba, inatoka. Sauti ya kwanza nimeifanya ganuni, ya pili besi, ya tatu nimeipa wimbi la kelele likakatwa mapema, likawa dumbak. Nikitaka noti tatu zilie pamoja na sauti zimekwisha, naibadilisha noti ya sauti moja mara 50 kwa sekunde, na sikio linaziunganisha lenyewe.

Halafu kuna filta, sehemu ya chipu inayochuja sauti, na ugomvi wangu wote uko hapo. 6581 hazikutoka kiwandani zikiwa sawa. Namba ile ile ya filta, chipu moja inanguruma, nyingine inaziba kama imefunikwa blanketi. Kwa hiyo besi yangu niliipanga kwa sikio, usiku baada ya usiku, kufuata filta ya chipu ile iliyokuwa kwenye mashine ile. Ilikuwa na mngurumo wa kukwaruza kidogo inapopanda, sijausikia popote pengine.

Sasa, miezi kadhaa iliyopita nikawasha, skrini ikawa nyeusi. Adapta nilishabadilisha zamani, maana ile ya asili ikizeeka volti 5 zake hupanda na kuunguza chipu (kama bado unaitumia, ichomoe leo). Dalili zote zilikuwa za chipu za kumbukumbu (RAM) kufa. Nikampata fundi anayesifiwa sana kwa mashine za zamani, nikafunga mzigo vizuri, nikatuma. Nikaeleza kwa maandishi: skrini nyeusi, nadhani ni kumbukumbu, sauti haina tatizo.

Ikarudi. Skrini yake ya kawaida ya buluu ikawaka, nikafurahi kweli. Na kazi ya kumbukumbu aliifanya safi, siwezi kumsingizia. Lehemu zimekaa vizuri, soketi mpya, hata vumbi la ndani ya kibodi alilitoa.

Nikapakia wimbo wangu. Ganuni ikaingia vizuri. Besi ilipoingia nikainuka kitini. Ilikuwa laini, safi, haina mkwaruzo wowote, na pale inapotakiwa kupanda ikapanda kwa adabu. Nikapunguza spika, nikaongeza, nikabadilisha waya. Nikapiga nyimbo za watu wengine ninazozijua kwa moyo. Zote zina adabu ile ile.

Ukitoa skrubu tatu za chini, kibodi inafunuka na bodi iko mbele yako. Pale ilipokaa SID kuna kibao kidogo cha kijani, saizi ya chipu ile ile, pini 28 zile zile, na juu yake kiprosesa kidogo cha kisasa kinachoigiza SID. Chipu yangu haipo.

Nikapiga simu. Nikamuuliza, chipu yangu iko wapi? Akasema, "Ah, ile ilikuwa inapata joto sana, nikaona nikuwekee mpya. Hakuna anayesikia tofauti."

6581 zote zinapata joto! Inatumia volti 12, ukiigusa inakuchoma kidole, ndivyo ilivyo tangu ikiwa mpya. Fundi wa mashine hizi hajui? Nikamwambia mimi nimesikia tofauti. Akacheka. Nikamwambia basi nirudishie. Akanyamaza kidogo, akasema: "Sijui iko wapi, bwana. Lakini kama unataka ya asili, ninazo. Nitakuuzia."

Anitolee yangu bila kuniuliza, halafu aniuzie nyingine! Commodore ilifilisika mwaka 1994, SID hazitengenezwi tena, na bei zinapanda kila tukikaa. Anajua hivyo kuliko mimi.

Niwe mkweli juu ya kile kibao, maana kuna watakaouliza. Kwa mtu anayetaka kusikiliza tu, kinatosha. Hakipati joto, hakina ule mchirizo wa kelele wa nyuma, na ganuni yangu naona imetoka wazi zaidi kuliko mwanzo. Kama SID yako imekufa kweli, kinunue. Nilifikia hata kufikiri labda nimpe fundi nyota mbili, kwa ajili ya ile kazi ya kumbukumbu.

Lakini kila besi ikiingia nasikia kile kicheko. Hapana. Sifuri. Angeniuliza tu, hata kwa ujumbe wa mstari mmoja, ningemjibu siku ile ile: usiiguse.

Nimemwandikia barua kudai chipu yangu, kimya. Kwa hiyo naliacha hapa: kama umenunua 6581 karibuni na imeandikwa 3984, yaani wiki ya 39 ya mwaka 1984, itazame chini ya taa karibu na pini ya kwanza. Kama kuna kitone cheupe cha rangi, nilikitia mimi. Niandikie, nitakurudishia pesa uliyotoa na gharama ya posta juu.