Rangi ya kununua kwa vyuma vya injini vilivyoshika kutu

Ukifika kwenye kaunta ya hadwea pale Kisumu, muuzaji hukuuliza kwanza, "Unataka nyeusi ama silva?" Wewe mtajie sehemu unayotaka kupaka. Tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini), sampu (karai la oili chini yake) na bloku (mwili wa injini) hukaa karibu na nyuzijoto 100 za Selsiasi injini ikishapata moto. Manifoldi ya ekzosi, yaani mabomba yanayopokea moshi kutoka kwenye injini, ukipanda na mzigo kutoka Chemelil kwenda Nandi Hills, inaweza kufika 600. Hakuna rangi moja inayofaa sehemu zote hizo, na ndiyo sababu watu wengi hukosea, wakalazimika kupaka upya.

Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi, kwa hiyo magari yetu hayaliwi kama ya Mombasa. Kutu ya huku huanzia kwenye tope la Ahero msimu wa mvua, na kwenye injini kuoshwa kwa presha kisha boneti kufungwa kabla haijakauka. Nyingine tunainunua pamoja na gari: mitumba ya Japani iliyotumika Hokkaido imepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi kuyeyusha barafu.

Ya kwanza kwangu ni enameli ya injini, ile ya kopo la kupuliza. Nyingi hustahimili nyuzi 150 hadi 260 za Selsiasi, na zikikauka vizuri hazilainiki kwa oili wala tone la petroli. Inafaa bloku, sampu, breketi na tapeti kava ya chuma. Kama una pesa ya kopo moja tu, nunua hili. Kwa tapeti kava na breketi chache linatosha, mradi upulize nyembamba mara tatu, ukingoje kama dakika kumi kila mara. Ukipuliza nzito, rangi itachuruzika.

Ya pili ni rangi ya joto kali iliyotengenezwa kwa silikoni. Hii ni ya manifoldi na ngao yake ya kuzuia joto, basi. Hapa soma kopo kwa makini, kwa sababu makopo mengi huandikwa kwa Farenhaiti. Ukiona 1200 usishangilie: hiyo ni karibu nyuzi 650 za Selsiasi. Na lile lililoandikwa 500 ni 260 tu, yaani ni enameli ya injini hata kama mfuniko una picha ya moto. Nimewahi kuuziwa la 500 kwa kazi ya manifoldi, nami sikusoma.

Tatizo la rangi hii ni kwamba haikomai kwa hewa. Lazima ichomwe. Ukishaifunga sehemu kwenye gari, washa injini dakika kumi bila kukanyaga mafuta, zima ipoe, washa ishirini, ipoe tena, halafu nusu saa. Itatoa moshi na harufu, basi fanyia kazi hii nje. Ndiyo maana siishauri kwa tapeti kava: pale hapapati joto la kutosha kuikomaza, na petroli ikidondoka itaitoa. Pia inataka chuma kitupu chini yake, au praima (rangi ya chini) yake yenyewe ya joto kali. Red oksaidi, ile praima nyekundu ya kuzuia kutu, chini ya rangi hii itaungua na kuibandua.

Ya tatu ni rangi ya unga inayookwa kwenye tanuri kwa karibu nyuzi 200. Kwa ugumu inazishinda zote, lakini ni lazima ufungue sehemu uipeleke kwa wenye tanuri. Kama injini tayari imefunguliwa kwa kazi nyingine, ifikirie. Usiipeleke manifoldi huko.

Ya mwisho ni ile ya mageti, red oksaidi na glosi juu. Ni rahisi kupatikana, na kwa kibao cha betri inatosha. Usiisogeze karibu na ekzosi. Fundi mmoja aliipaka ngao ya ekzosi ya pikapu yangu, na tulipofika Maseno moshi ulikuwa unatoka chini ya boneti. Nilisimama nikidhani gari linaungua, watoto wakiwa ndani. Ilipopoa, rangi ilikuwa imevimba na kubanduka.

Dawa ya kugeuza kutu sijaipa nafasi, kwa kuwa si rangi. Asidi iliyomo hugeuza kutu kuwa tabaka jeusi lililotulia, lakini bado utapaka juu. Inasaidia kwenye vishimo ambavyo brashi ya waya haifiki. Kwa aluminiamu haina kazi: ule unga mweupe unaouona juu yake si kutu ya chuma, usugue kwa msasa kisha utie praima ya aluminiamu.

Kabla hujalipa, ongeza brashi ya waya, msasa wa 80 na wa 180, thina, na tepu ya karatasi. Grisi itoke kwanza, kutu baadaye, la sivyo msasa utaisukuma grisi ndani ya chuma. Ziba sensa, nyuso zinazokaa gasketi, mifereji ya mkanda kwenye puli, na pale waya wa ardhi unapofungwa. Rangi ikiingia hapo, umeme hautapita vizuri. Paka asubuhi, kwa sababu mvua ya Kisumu hupenda kuja alasiri.

Sampu ichunguze kabla ya kwenda dukani. Igonge polepole kwa mpini wa bisibisi. Ikibonyea, au ukiona oili inatoka kama jasho kwenye vishimo vya kutu, acha rangi dukani na utafute sampu nyingine, hata ya mtumba iliyo nzima.